Mgeni Aliyekwisha Kupewa Jembe



Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaikariri sana darasani, lakini haituambii jambo moja: akiisha kulima, mgeni huyo huwa mwenyeji lini? Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu, kwa kuwa swali hilo limewahusu watu wengi mno katika nchi yetu.

Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi, na watu wengi wakakimbilia kwetu. Serikali iliwapa mapori wayafyeke katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo, ambayo siku hizi yamo katika Mkoa wa Katavi. Wakafyeka, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakapata watoto na wajukuu. Lakini kwa sheria walikuwa wakimbizi bado, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali.

Sisi wa Mwamapalala yatupasa kulifikiri jambo hili sana. Wasukuma wengi wamehama na ng'ombe wao kutafuta malisho, hata wakafika Mpanda. Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Alipofika huko, kabla mimi sijazaliwa, hakuna aliyemwuliza kibali cha kuishi nchini. Lakini kijana aliyezaliwa Katumba alihitaji karatasi ili aende Mpanda mjini. Je, kati ya hao wawili, mgeni wa mahali pale alikuwa nani?

Mwaka 2007 watu hao waliulizwa wachague: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi wakachagua Tanzania, na mwaka 2010 zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Hilo ni jambo la heshima kwa nchi yetu. Hata hivyo vyeti havikutolewa upesi, kwani walitakiwa kwanza wahame makazi yale waende mikoa mingine. Nao walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Basi wakakaa hivyo, hawana cheti cha huku wala cha kule, mpaka Oktoba 2014 vyeti vilipoanza kutolewa, wakaruhusiwa na kubaki walipo.

Huenda wengine watasema kwamba haraka ni hatari, kwamba ardhi ni haba, na kwamba wabaya huweza kujificha kati ya wema. Ni kweli, na ndiyo sababu sheria ina chujio. Kwa kawaida, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yataka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo, na katika miaka 10 kabla ya hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na tabia njema. Asiyefaa akataliwe, tena aambiwe wazi. Lakini aliyekwisha kupita katika chujio, kumsimamisha tena mlangoni miaka minne si uangalifu.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, kila ombi liwekewe siku ya kujibiwa, na mtu apewe cheti siku ileile anapoukana uraia wake wa zamani, asilale hata usiku mmoja bila nchi. Pili, ni letu sisi wanafunzi. Mwakani wengi wetu tutakwenda shule na vyuo vya mbali, na huko tutakutana na wenzetu waliotoka Mishamo au Ulyankulu. Tusiwaite wakimbizi, hata kwa mzaha. Babu zao walipewa jembe, wakalishika, na wajukuu ni raia kama sisi.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ayaandike katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne