Nguo Kuukuu, Vazi Jipya: Heshima ya Fundi wa Mitumba

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wavaao mitumba, kana kwamba anunuaye shati lililokwisha kuvaliwa ng'ambo amejivika utu wa mwingine. Yamkini wasemao hivyo hawajapata kusimama kando ya cherehani za Gikomba, jijini Nairobi.

Sokoni humo, robota hufunguliwa na nguo kuainishwa. Zilizo bora huitwa "kamera", na zilizo duni huitwa "fagia". Ni katika hizi za mwisho ambapo ustadi wa fundi hudhihirika. Koti pana hufumuliwa mishono, likapunguzwa mabega, likawa kizibao cha msichana. Suruali ya jinzi iliyotoboka magotini hugeuka sketi au mkoba. Shati lililochakaa ukosi hutiwa ukosi wa kitenge. Kazi hii si kutia viraka, ni ubunifu.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kuustaajabia ubunifu huo, kwani lugha yake imeutenda kwa karne nyingi. "Suruali" ilitoka kwa Waarabu, "cherehani" kwa Waajemi, "shati" kwa Waingereza. Neno hilo la mwisho lilitiwa irabu, likaingizwa katika ngeli ya LI-YA, likazaa "mashati". Leo hakuna Mswahili anayehisi kuwa ameliazima. Iweje basi lugha isifiwe kwa kutohoa, naye fundi abezwe kwa kushona upya?

Wapo wanaoshikilia kuwa mitumba iliviua viwanda vya nguo. Hoja hiyo ina uzito. Baada ya soko kufunguliwa miaka ya 1990, KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilidorora na kufungwa, ingawa Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ili ifufuliwe. Mwaka 2016, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kukomesha uagizaji wa mitumba kufikia 2019. Kenya ilijitoa mwaka 2017, kwa kuhofia kupoteza nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru.

Maadamu robota zingali zinaingia, suala kuu ni zinavyotumiwa. Nguo ivaliwayo kama ilivyokuja humfanya Mkenya kuwa mnunuzi tu. Isiyovalika wala kushonwa upya huishia jaani Dandora. Ile ipitayo mikononi mwa fundi huacha ujira, ujuzi na fahari papa hapa nchini.

Hivyo basi, vyuo vya ufundi havina budi kuutambua ujuzi huu na kuufunza. Wanaisimu nao wayakusanye maneno ya mafundi hao kabla hayajapotea. Nguo ya kuazima haisitiri, naam. Lakini iliyofumuliwa, ikapimwa na kushonwa upya si ya kuazima tena. Imepata mwenyewe.