Mila za Wasami si Ugonjwa

Wasami ni wenyeji wa kaskazini ya Norway, Sweden na Finland, pamoja na rasi ya Kola nchini Urusi. Wafugaji wa kulungu wa Aktiki, wanaopendwa na wapiga picha, ni wachache tu miongoni mwao. Waliobaki ni wavuvi, walimu, wauguzi na makarani. Hata hivyo, afya yao inapozungumzwa hurudi dai lilelile wanalobandikwa wenyeji wa nchi nyingi: kwamba wanaugua kwa sababu ya kung'ang'ania mila, na kwamba dawa ni kuishi kama jirani zao. Dai hilo ni potofu, na kwa Wasami dawa hiyo imekwisha kunyweshwa, tena kwa nguvu.

Norway iliwanywesha kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya 1960. Watoto walipelekwa shule za bweni, na agizo la mwaka 1880 liliibana lugha yao madarasani. Mwaka 1902 sheria ilitaka anayeuziwa ardhi ya serikali huko Finnmark awe anajua Kinorwe na kukitumia. Sweden ilishika njia ya kinyume. Kuanzia 1913 watoto wa wafugaji walitengewa shule zao, nyingine zikiwa ndani ya vibanda vya kihema, wasije wakazoea nyumba na kuuacha ufugaji. Kwa hiyo upande mmoja wa mpaka Msami alionekana amezidi Usami, na upande wa pili alihofiwa kuupoteza.

Vipimo vya afya navyo haviliungi mkono dai hilo. Utafiti wa SAMINOR, ulioanza 2003 chini ya Chuo Kikuu cha Tromsø, umewalinganisha Wasami na majirani zao wa vijiji vilevile. Magonjwa ya moyo na kisukari hayawatofautishi sana, na umri wa kuishi unakaribiana. Saratani imeonekana kuwapata Wasami kwa kiwango cha chini kuliko Wanorwe wengine. Hata sifa ya ulevi haishiki: wasiokunywa kabisa ni wengi zaidi miongoni mwao kuliko kwa majirani zao, jambo linalohusishwa na uamsho wa kidini wa mchungaji Lars Levi Læstadius wa karne ya 19, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kisami.

Chakula chao cha asili nacho hakina kosa. Nyama ya kulungu haina mafuta mengi na ina madini ya chuma kwa wingi. Iligeuka hatari mwaka 1986, baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka. Wakati wa baridi kulungu hula kuvumwani, ambazo hazina mizizi na hufyonza kila kinacholetwa na hewa na mvua, na mvua ya mwaka ule ilileta sesiamu yenye mionzi. Nyama nyingi ilitupwa, hasa Sweden. Sumu ilitoka kwenye mtambo wa kisasa, wala haikutoka kwenye zizi.

Madhara yapo, lakini yanakaa kwingine. Wasami huripoti kubaguliwa mara nyingi zaidi kuliko majirani zao, na wanaobaguliwa ndio wanaolalamikia zaidi msongo wa mawazo. Uchunguzi wa vifo vya Norway vya 1970 hadi 1998 ulionyesha kuwa kujiua kulizidi kiasi miongoni mwa Wasami, hasa vijana. Kama mila ndiyo ingekuwa chanzo, familia za wafugaji zingeongoza. Lakini kwao halikuonekana ongezeko la maana. Sweden hali si hiyo. Wafugaji wa huko wana mawazo mazito, ila wanachokitaja ni malisho yanayomegwa na migodi na ukataji wa misitu, pamoja na wanyama wakali wanaolindwa na sheria huku wakimaliza mifugo.

Juni 2023 tume ya ukweli na maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Bunge la Norway, ikisema kuwa madhara ya sera zile za kuwageuza Wasami kuwa Wanorwe hayajaisha. Yanaonekana wazi kwenye nyumba za wazee. Mtu anayepoteza kumbukumbu mara nyingi hutangulia kupoteza lugha aliyojifunza baadaye. Mzee wa Kisami aliyefundishwa Kinorwe bwenini hubaki na Kisami chake cha utotoni, na akisema anaumwa, mara nyingi muuguzi wa zamu haelewi hata neno moja.