Maziwa ya Mama na Saa za Kazi

Kila mwaka, tangu tarehe 1 mpaka 7 Agosti, akina mama wa Tanzania hukumbushwa habari ya kunyonyesha. Huambiwa kwamba mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata tone la maji, mpaka atimize miezi 6. Kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine mpaka miaka 2 au zaidi. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuyapingi. Twauliza hivi tu: mbona anayeambiwa ni mama peke yake?

Akina mama wamekwisha sikia. Katika uchunguzi wa taifa wa 2004-05, watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama tu walikuwa 41 kwa mia. Katika uchunguzi wa 2022 walifika 64 kwa mia. Hiyo si kazi ya watu wasiojali watoto wao. Basi na tuwatazame waliobaki, tuone ni nini kinachowazuia.

Yuko mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, akachelewa kupewa mtoto wake kwa kukosa mtu wa kumsaidia. Yuko mwingine ambaye wakubwa wa nyumbani humwambia maziwa yake hayatoshi, mtoto apewe uji. Mtoto akishiba uji hunyonya kidogo, na titi lisiponyonywa maziwa hupungua, ndipo wakubwa husema, "Si tulikuambia?" Kisha yuko yule anayejua yote, na maziwa anayo, lakini wakati hana. Huyu ndiye tunayemsemea leo.

Sheria ya kazi ya 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, yaani majuma 12. Miezi 6 ni majuma 26. Hata akizitumia siku zote baada ya kujifungua, yamebaki majuma 14. Sheria hiyo humruhusu pia kunyonyesha wakati wa kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Lakini mama anayepanda mabasi mawili kutoka Mbagala kwenda kazini atamnyonyesha nani katika saa hizo, ikiwa mtoto yuko nyumbani na kazini hakuna chumba wala mlezi? Haki isiyo na mahali pa kuitumia ni karatasi tu.

Na hao ni wale wenye ajira ya kuandikwa. Mkulima wakati wa palizi, mama ntilie na mwuza samaki hawana likizo hata ya siku moja. Wasipofanya kazi, hakuna chakula.

Ndugu wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Vyama vya wafanyakazi vidai chumba cha kunyonyeshea katika kila mkataba na waajiri, na tudai wote likizo ifike miezi 6. Kila tawi liende kwa halmashauri yake kudai banda safi la wazazi sokoni. Na sisi wanaume tusijifiche nyuma ya siku 3 ambazo sheria humpa baba: kuchota maji, kutafuta kuni na kumshika mtoto mkubwa si kazi zinazohitaji maziwa.

Twajua wako watakaosema kwamba mambo haya yana gharama. Ni kweli. Lakini mtoto aliyeachishwa mapema huharisha, huuguzwa, na mama yake hukosa kazi siku hizo zote. Gharama hiyo twailipa sasa, na mlipaji mkubwa ni mtoto mchanga asiyeweza kuja mkutanoni kujisemea. Tumsemee sisi.