Kompyuta za Shule: Tupime Kazi Kabla ya Kununua Nguvu

Hapana mzazi wa Tana River asiyetamani mwanawe aijue kompyuta, na hapana mwalimu mkuu wa Garsen asiyefahamu jinsi fedha za kuinunua zinavyopatikana kwa taabu. Kwa hivyo kila shilingi ya maabara ya shule yastahili kutolewa kwa hadhari. Siku hizi madukani huuzwa, kwa bei inayovutia, mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo ambazo ndani yake mna vichakataji vya seva. Muuzaji huzisifu kwamba zina viini vingi kuliko kompyuta ya mezani ya kawaida. Mnunuzi naye husikia idadi ile, akaitazama bei, akaona ameokota johari. Maoni yetu ni kwamba aghalabu hakuokota johari, bali mzigo.

Yafaa kwanza ieleweke tofauti iliyopo. Kichakataji ndicho kiungo kinachotekeleza hesabu zote za kompyuta, na ndani yake mna viini, ambavyo kila kimoja chaweza kushika kazi yake peke yake. Kampuni ya Intel ilianza kuuza vichakataji vya seva kwa jina la Xeon mwaka 1998. Washindani wao wa AMD walitoa Opteron mwaka 2003, kisha mwaka 2017 wakatoa EPYC kwa ajili ya seva na Ryzen kwa ajili ya meza. Kampuni hizo hazikutenganisha aina hizo mbili ili moja iwe bora na nyingine iwe duni. Zilizitenganisha kwa sababu kazi zenyewe ni mbili.

Seva huwatumikia watu wengi kwa wakati mmoja, usiku na mchana, bila kupumzika. Mtu mmoja huomba ukurasa, mwingine hutafuta jina, wa tatu huhifadhi faili. Maombi hayo hayategemeani, kwa hivyo viini vingi vyaweza kugawana. Kompyuta ya mezani humtumikia mtu mmoja aliyeketi mbele yake akingoja jibu. Kazi nyingi za mtu huyo hufuatana hatua kwa hatua, na hatua ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kwisha.

Mkazi wa delta hahitaji kitabu ili alielewe jambo hili. Shamba la mpunga lililoiva huvunwa haraka likiingiwa na watu kumi na wanne kuliko likiachiwa wawili. Lakini mtumbwi mwembamba wenye pondo moja hauvuki mto upesi zaidi kwa kuwa umepakia watu kumi na wanne. Utavuka upesi iwapo aliyeshika pondo ana nguvu na anaujua mkondo. Baadhi ya kazi za kompyuta ni shamba la mpunga, na nyingine ni mtumbwi.

Mhandisi Gene Amdahl wa Marekani aliieleza hoja hii mwaka 1967, na mwanafunzi wa hesabu anaweza kuihakiki mwenyewe. Tuchukue kazi inayomaliza dakika 60 kwa kiini kimoja, na tuseme nusu yake haigawanyiki. Ukiweka viini 14, nusu inayogawanyika itashuka kutoka dakika 30 hadi zaidi kidogo ya dakika 2. Nusu ya pili itabaki dakika 30 zile zile. Jumla ni dakika 32 na ushei. Sasa chukua kiini kimoja tu chenye kasi maradufu: kazi yote itakwisha kwa dakika 30. Kiini kimoja chepesi kimewashinda kumi na vinne vizito.

Huo si mfano wa kubuni tu. Xeon E5-2680 v4, ambayo ni ya mwaka 2016, ina viini 14 na hufikia kasi ya gigahezi 3.3. Core i5-12400, kichakataji cha mezani cha mwaka 2022, kina viini 6 tu, lakini hufikia gigahezi 4.4, na kila kiini chake hufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo la saa kwa kuwa muundo wake ni mpya. Katika kazi isiyogawanyika, kile cha mezani hukiacha cha seva mbali sana. Hata katika kazi inayogawanyika, viini sita hivyo haviko mbali na vile kumi na vinne. Anayehesabu viini bila ya kuuliza mwaka na kasi ni kama anayehesabu ng'ombe bila kutazama kama wana maziwa.

Vijana wengi watauliza habari za michezo ya video, nasi hatuoni sababu ya kulidharau swali hilo, kwani mchezo ni mtihani mgumu wa kompyuta. Ili picha isonge bila kukwama, mashine sharti ichore picha kama 60 kwa sekunde, yaani ina muda usiofika sekunde moja kwa hamsini kuikamilisha kila moja. Katika muda huo mfupi kichakataji hupokea amri ya mchezaji, hukokotoa mwendo wa kila kitu, kisha huikabidhi kazi kadi ya michoro. Sehemu kubwa ya hesabu hizo hufuatana. Kwa sababu hiyo Ryzen 7 7800X3D ya mwaka 2023, yenye viini 8 na hazina kubwa ya kumbukumbu ya karibu ipatayo megabaiti 96, huendesha michezo mingi vizuri kuliko EPYC 9654 ya mwaka 2022 yenye viini 96, ijapokuwa hiyo ya pili ni ghali mara nyingi zaidi. Na kijana akumbuke kwamba katika michezo mingi kadi ya michoro huamua mengi kuliko kichakataji.

Hata hivyo, haki ya seva tusiinyime. Zipo kazi nzito ambazo kwa kweli ni shamba la mpunga. Mwanafunzi anayeunganisha maelfu ya picha za angani ili achore ramani ya maeneo yaliyofunikwa na maji, kama yalivyofunikwa na mafuriko ya Tana mwaka 1997, 2018 na 2024, atafaidika na viini vingi na kumbukumbu kubwa. Kadhalika anayetengeneza filamu za katuni za pande tatu. Isitoshe, vichakataji vya seva hutumia kumbukumbu inayogundua na kusahihisha kosa la tarakimu iliyogeuka yenyewe. Katika mchezo kosa kama hilo huenda lisionekane. Katika hesabu inayochukua siku tatu, laweza kuharibu jibu lote bila ya mtu kujua. Baina ya aina hizi mbili ipo ya tatu, kama vile Threadripper ya AMD, iliyokusudiwa kazi nzito za mtu mmoja, lakini bei yake si ya shule za kwetu.

Tukirudi kwenye maabara, kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti ya duka, nayo ni umeme na joto. Ile Xeon tuliyoitaja imekadiriwa wati 120, na ile Core wati 65. Tofauti ni wati 55. Katika chumba chenye mashine 20 zinazofanya kazi kwa nguvu zote, tofauti hiyo ni wati 1,100. Kwa saa 5 kwa siku ni yuniti 5.5, na kwa siku 20 za masomo katika mwezi ni yuniti 110. Tena Xeon hiyo haina uwezo wa kuchora picha kwenye skrini bila kadi ya michoro, ilhali Core i5-12400 imebeba uwezo huo ndani yake. Kadi ishirini ni gharama nyingine, na kila kadi hula umeme wake.

Umeme huo wote hugeuka kuwa joto. Katika chumba cha Nairobi penye baridi ya Julai huenda lisitambulike. Garsen si Nairobi. Katika jua la mchana la bonde la Tana, chumba chenye wanafunzi arobaini na mashine ishirini zinazotoa moto hakisomeki, na feni zikijaa vumbi mashine hupunguza kasi ili zisiungue. Ni ajabu kwamba maji ya Tana huzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kutufikia sisi tulio mwisho wa mto. Anayeishi ukingoni mwa mto huo asiwe wa kwanza kuumwaga umeme wake bure.

Kuna jingine. Microsoft ilikomesha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na vichakataji vya seva vya mwaka 2016 havimo katika orodha ya vile vinavyokubaliwa rasmi na Windows 11. Mashine hizo zaweza kuendelea vizuri kwa programu huria za Linux, nasi twaunga mkono shule ziwafunze wanafunzi Linux. Lakini mwalimu ajue hivyo kabla ya kulipa, asije akajua baadaye.

Watakaotupinga watasema: maskini hachagui, na mashine ya bei ndogo ni bora kuliko kukosa. Hoja hii ina uzito na hatuibezi. Shule isiyo na chochote ikipewa seva kuukuu kwa hisani, iipokee na ishukuru. Lakini shule inayonunua kwa fedha za wazazi haiko katika hali hiyo, maana sokoni zimo pia kompyuta za mezani zilizotumika, za maofisini, zenye viini vinne au sita, umeme kidogo na uwezo wa picha ndani yake. Rahisi ghali, walisema wahenga, na bili ya mwezi wa sita ndiyo itakayoitafsiri methali hiyo.

Wala hatusemi kwamba shule haihitaji seva. Mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali, ulioanza kusambazwa mwaka 2016, ulizipelekea shule za msingi vishikwambi vya wanafunzi pamoja na seva ndogo ya kuhifadhi masomo. Wazo hilo lilikuwa sahihi. Pale intaneti inapokatika, seva moja yenye vitabu, kamusi na Wikipedia iliyopakuliwa kwa programu ya Kiwix yaweza kulihudumia darasa zima. Lakini kwa kazi hiyo kichakataji cha kawaida cha mezani chatosha kabisa. Kichakataji kikubwa cha seva chafaa pale shule inapokusudia mashine moja iendeshe skrini nyingi za wanafunzi, na hapo pia ikumbukwe kwamba ikizimika hiyo moja, darasa zima limezimika.

Tufanyeje basi? Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka masharti ya kiufundi yaelekezwe kwenye utendaji wa kitu, si kwenye jina la kampuni. Kamati za ununuzi za shule zetu ziifuate roho ya sheria hiyo. Zisiandike "kompyuta yenye viini kumi na vinne." Ziandike kazi: kuandika, kuchora, kuandaa programu, kuhariri video fupi. Ziulize mwaka wa kichakataji, kasi ya kiini kimoja, wati zake, kama kina uwezo wa picha, na kama kinakubali programu inayokusudiwa. Kisha ziwashe mashine dukani na kuijaribu kwa kazi hiyo hiyo kabla ya fedha kutoka mkononi.

Na walimu wa kompyuta wawashirikishe wanafunzi katika hesabu hizi. Mtaala wa umilisi, unaotekelezwa nchini tangu mwaka 2019, wataka mwanafunzi atumie maarifa kutatua tatizo la kwao. Tatizo ndilo hili: fedha za shule ni hizi, umeme ni huu, joto ni hili, kazi ni hizi. Mwanafunzi wa Garsen akiweza kupima hayo na kumshauri mwalimu mkuu wake kwa tarakimu, atakuwa amejifunza kompyuta kuliko aliyekariri majina ya sehemu zake. Kila mlango kwa ufunguo wake. Na anayekwenda kununua ufunguo sharti kwanza aujue mlango.