Ajali haina kinga, lakini jaketi lipo

Kila mwaka kusi ikikoza, kati ya Juni na Agosti, Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga hutuonya kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Na kila mwaka mashua hutoka vilevile. Walio nchi kavu husema wavuvi ni wakaidi.

Mimi nimelelewa na mvuvi, na hilo nalikataa. Marehemu mjomba wangu aliisoma bahari kwa mawingu na rangi ya maji. Alijua siku ya kutoka na siku ya kulala. Lakini nakumbuka alfajiri moja alitoka akijua haifai. Mama alipomzuia alimjibu, "Dada, baharini huenda nikafa. Hapa nyumbani njaa haina huenda."

Alirudi salama, alhamdulillahi. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukirudi salama mara kumi, mara ya kumi na moja onyo unaliona porojo. Sisi sote tu hivyo. Kivuko cha Mtongwe kilipozama tarehe 29 Aprili 1994 kikiwa kimejaza kupita kiasi, watu 272 walipoteza maisha. Abiria wale hawakuwa wakijaribu bahati yao. Walikuwa wakienda kazini kama jana na juzi.

Kwa hiyo hatari ina milango miwili: shida na mazoea. Mawaidha peke yake hayafungi hata mmoja.

Tutazame pia nani anayeibeba. Samaki wakifika diko, chombo kina mgao wake, nyavu zina mgao wake, na mchuuzi ana faida yake. Mabaharia wanagawana kilichobaki. Lakini mashua ikipinduka, tajiri hupoteza mbao na nyavu. Baharia hupoteza roho, na mjane hubaki na eda na madeni ya dukani.

Tukizika twasema ajali haina kinga. Kadari twaiamini, lakini Mtume (SAW) alimwelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Jaketi la kuokoa maisha ndiyo kamba ya ngamia wetu.

Ninayoyaomba si makubwa. Kamati za BMU zisiruhusu mashua kutoka bila jaketi kwa kila kichwa, na gharama hiyo iwe ya mwenye chombo, si ya baharia. Kila diko liweke akiba kidogo kidogo wakati wa kaskazi, samaki wakiwa wengi, ili siku za onyo mvuvi apate unga wa watoto bila kutoka. Serikali za kaunti zichangie akiba hiyo badala ya kungoja kuleta rambirambi.

Mvuvi mwenye unga nyumbani hahitaji kuhubiriwa kuhusu upepo. Anaujua kutuliko.