Ndogo Ndiyo Chaguo Langu

Nashona magauni ya harusi Kariakoo, na tepu yangu haina umbea. Ila mteja akiniambia anataka kuongeza matiti, maoni ninayo: achague silikoni ndogo, tuseme mililita 200 badala ya 450. Hizo 200 peke yake ni karibu gramu 200 kila upande, mzigo usioteremshwa hata usiku. Silikoni kubwa huvuta ngozi na kuipunguza unene, mwisho kingo zinaonekana. Daktari makini huanza na upana wa kifua na ngozi iliyopo, kama ninavyopima kitambaa kabla ya kukata. Picha ya msanii kwenye simu ije baadaye, ikibidi.

Ndogo nayo si ya milele. Mwaka 2021 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza vifaa hivi viwe na onyo kwamba si vya maisha yote. Vya silikoni, hata visipouma, inashauriwa vikaguliwe kwa altrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3. Kwa hiyo bibi harusi anayepiga hesabu ajumlishe vipimo hivyo, na upasuaji wa pili. Mawifi wakiuliza, waambiwe ni mshono wangu.