Cheti cha Huyu, Mikono ya Yule



Kila mwaka gazeti letu hujaa makala ya nidhamu na dawa za kulevya. Mwaka huu naomba tuzungumzie friji. Msicheke.

Nani asiyejua jua la Kimana? Friji ya bucha ikizimika asubuhi, jioni nyama ni ya mbwa. Basi huitwa fundi, na hakuna amwulizaye kama ana cheti. Huulizwa tu, "Utataka ngapi?"

Mjomba wangu ni mmoja wa mafundi hao. Kazi alijifunzia Nairobi kwa kumshikia mwingine spana, miaka kumi na tisa sasa. Mwaka jana hoteli moja ya watalii upande wa Amboseli ilitaka mtu wa kutengeneza chumba cha baridi na viyoyozi vinne. Mjomba akaenda. Akaambiwa wanataka kontrakta aliyesajiliwa. Akarudi.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. Kontrakta amefika kutoka jijini na karatasi zote, ila hana mtu wa kuifanya kazi! Mjomba alilala huko siku nne, akachomelea mabomba, akatoa hewa, akajaza gesi. Mwenye karatasi alikaa kivulini na soda yake. Mjomba alipewa shilingi elfu nane. Aliyepata zaidi mnamjua.

"Sasa mjomba, mbona ulikubali?" nilimwuliza.

"Mpwa wangu, karatasi haishiki spana, lakini pesa inashika."

Wengine mtadhani nataka leseni zifutwe watu wa jua kali wale. La hasha! Friji nyingi mpya za nyumbani hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Zilizotangulia zilitumia R134a. Fundi mmoja hapa kwetu (si mjomba!) alijaza R134a katika friji ya R600a, eti ndiyo aliyokuwa nayo. Mafuta ya kompresa ile hayapatani na gesi hiyo. Kompresa ikafa, na mwenye bucha akatupa mbuzi watatu. Na je, angekuwa anachomelea bomba ambalo bado lina R600a ndani? Tungekuwa tunachanga pesa za hospitali. Tena iko R22 ya viyoyozi vya zamani, inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 unaiondoa polepole. Asiyefunzwa huiachilia hewani tu, pshhh, kama upepo wa tairi.

Kwa hivyo leseni naiunga mkono. Na sheria ipo. Ile ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ya 2011, inataka makontrakta wasajiliwe katika madaraja 8, na wa viyoyozi wamo. Kazi ya kuweka nyaya za umeme inataka leseni ya EPRA chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Lakini kontrakta akisajiliwa, kinachopimwa ni kampuni na wakurugenzi wake. Hata mafundi wanatakiwa kutambuliwa na mamlaka hiyo hiyo, ila pale hotelini nani alimwuliza mjomba chochote? Karatasi ilikuwa langoni, ikatosha.

Maoni yangu ni haya: apimwe yule anayejaza gesi. Jina lake, nambari yake na aina ya gesi vibandikwe nyuma ya mashine. Hapo mwenye bucha atajua wa kumshika shati, na mwenye hoteli atajua wa kumlipa.

Njia ya kupimwa ipo. Mtihani wa ufundi wa NITA una daraja la 3, la 2 na la 1, na hata asiyefika kidato cha nne anaweza kuanzia chini. Mjomba hana hofu na vitendo. Anachoogopa ni kalamu, maana shule aliiacha darasa la sita. Siku hizi Jumapili jioni mimi humsomea maswali, yeye hunijibu kwa mikono, halafu tunatafuta maneno ya kuandika. Neno "mgandamizo" lilituchukua jioni nzima, na mimi ndimi niliyekuwa silielewi.

Amekwisha kujiandikisha. Nauli ya matatu ya kupitia Emali hadi Nairobi anaiweka katika mkebe wa kahawa, juu ya kompresa mbovu ya yule mwenye bucha.